Kichwa cha Mama, Miguu ya Sundbyberg

Cherehani yangu ya kwanza niliinunua kwa hasira. Nilikuwa napita mbele ya duka la vitu vikuukuu hapa Sundbyberg, maduka ambayo wenyeji huyaita loppis, nikaona nje ya mlango kimeza cha bustani. Juu yake palikuwa na bamba la marumaru na chungu cha maua. Chini yake palikuwa na miguu ya chuma yenye nakshi, kikanyagio, na gurudumu kubwa la mkanda. Ilikuwa miguu ya cherehani, na mvua ilikuwa ikiinyeshea.

Nikaingia ndani bila hata kujifuta viatu. "Kichwa chake kiko wapi?" nikamwuliza mwenye duka kwa Kiswidi changu cha wakati ule, ambacho kilikuwa kikinikimbia kila nikikasirika.

Alidhani nauliza habari za chungu cha maua. Nilipomwonyesha kwa mikono, akanipeleka nyuma ya duka. Meza ya mbao yenye tundu lake ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kichwa kimelala ubavu ndani ya sanduku, katikati ya sahani na fremu za picha, kimeganda kwa kutu hata gurudumu halizunguki.

"Watu wanapenda miguu," akasema. "Kichwa hakina mnunuzi, labda mtu akitaka pambo la dirishani."

"Nipe vyote," nikasema. "Marumaru yako baki nayo."

Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Kigoma na hajapata kukosa neno tangu nimjue, alinifungulia mlango akatazama kile chuma kilichokuwa kikichuruzika maji kwenye zulia lake. "Wenzako wakichoka na mke mmoja huongeza wa pili," akasema. "Wewe umeniletea cherehani."

"Hii angalau hainuni."

"Subiri uinyime mafuta, utaona."

Inafaa nieleze ile hasira, maana mtu anaweza kudhani nina wazimu. Mama yangu ni fundi wa kushona. Sisi tumekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na cherehani yake ilikaa barazani mwa duka moja la vitambaa. Vita vilipotukimbiza, majirani walibeba magodoro, masufuria, mbuzi. Mama alitoa bisibisi, akafungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwa kitenge, akajitwisha. Miguu ilibaki pale barazani. Kambini Tanzania alikipigilia kile kichwa juu ya sanduku la mbao, akawa anazungusha gurudumu dogo kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto. Hivyo ndivyo tulivyokula. Amani iliporudi akarudi nyumbani, mchomeleaji akamtengenezea miguu ya nondo, na kila nikimpigia simu lazima aitaje: inayumba, mwanangu, inayumba kama mlevi wa sikukuu.

Basi mtu akiniambia kwamba kichwa hakina mnunuzi, damu inanichemka.

Ile ya kwanza ilinifundisha kazi. Mimi ni fundi wa matengenezo katika majengo ya ofisi kule Kista. Milango, bawaba na mabomba nayajua, lakini cherehani sikuwahi kuifungua. Nilikilowesha kichwa kwa mafuta ya taa siku baada ya siku, maana yale mafuta ya zamani yalikuwa yamekauka yakawa gundi. Nikasugua kutu kwa stiliwaya laini, nikifika kwenye maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni naacha, natumia kitambaa cha pamba na mate kidogo. Siku gurudumu lilipogeuka, nilipiga kelele iliyomtoa mke wangu bafuni. Nilipokipandisha juu ya meza yake na kufunga mkanda mpya wa ngozi, nikagundua jambo ambalo nadhani moyo wangu ulishalijua pale dukani: ilikuwa ni cherehani ya aina ileile ya mama. Mkono uleule wenye kiuno chembamba, maua yaleyale, hata kile kidroo cha pembeni nilichokuwa naficha ndani yake goroli nikiwa mdogo.

Baada ya hapo ugonjwa ukaniingia. Jumamosi nilizunguka maduka yote ya vitu vikuukuu kuanzia hapa hadi Upplands Väsby, nikarudi na treni nikiwa nimekumbatia kichwa cha chuma mapajani, abiria wakijifanya hawanioni kwa adabu yao. Niliokota nyingine zilizotupwa kando ya majengo na miguu yake. Stoo yetu ya chini ikajaa. Rafiki yangu mmoja Mkongomani, aliyekuwa akinisaidia kubeba, aliniuliza, "Mon frère, hivi unafungua kiwanda, ama unafungua musée?" Haikuwa kiwanda wala makumbusho. Nilizipenda tu. Napenda mpaka leo ile sauti ya kitu kilichokufa kikianza kuzunguka, na harufu ya mafuta ya cherehani vidoleni wakati wa chakula cha mchana.

Lakini ile ya kwanza niliiweka sebuleni, dirishani. Nilikuwa na nia moja. Siku mama akija kututembelea, aketi kwenye cherehani ile, akanyage, na isiyumbe.

Viza ilipotoka, alikuja majira ya kiangazi. Tulimpokea uwanja wa ndege wa Arlanda, amevaa koti nililomtumia ingawa jua lilikuwa kali. Nikashika begi lake, nikashindwa kulinyanyua.

"Mama, umebeba mawe?"

"Nimebeba mashini yangu."

Nikadhani ananitania. Alipofungua zipu pale pale, nikaona kitenge, na ndani ya kitenge kile kichwa.

"Sasa ningemuachia nani?" akauliza, kama vile mimi ndiye niliyesema jambo la ajabu. "Dada yako ana mguu muzito. Mashini haiazimwi, haiachwi kwa mutu. Ikizoea mguu mumoja, mguu mwingine unaiharibu. Weye hukujua hilo?"

Nilikuwa najua. Mafundi wote wa baraza lile walikuwa hivyo. Mmoja akienda msibani aliifunga yake kwa mnyororo, si kwa kuogopa mwizi bali kwa kuogopa mwenzake. Nilisahau tu kwamba desturi nayo inapanda ndege.

Nyumbani nilimfunika macho kwa mikono yangu hadi dirishani, kama mtoto. Nilipomfunua aliitazama kwa muda mrefu. Aliizunguka. Alifungua kidroo akakifunga. Alipitisha kidole kwenye maua ya dhahabu, akakinusa.

"Ni nzuri, baba," akasema. Mama huniita baba anaponipenda sana na anapotaka kunikatalia.

"Keti basi."

"Hii ni ya mutu."

"Ni yangu, mama. Ni yako."

"Umeinunua. Hukushona nayo. Iliyoizoea ni miguu ya mwanamuke mwingine, mwenyewe hata simujui. Nikikanyaga mimi, nitaiharibu, na yeye atanikasirikia huko aliko." Akainama akashika kikanyagio, akakisukuma, gurudumu likaenda bila kelele. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Lakini miguu nimeipenda. Miguu haina shida. Toa tu hicho kichwa."

Mke wangu alikwenda jikoni. Nilisikia akicheka kwenye masufuria.

Nasema kweli, niliudhika. Miaka yote ile nimewasema Waswidi kwa kukata vichwa, nimemsema mwenye duka, nimewasema hadi watu wenye vimeza barazani mwao ambao hawakuniuliza, na sasa mama yangu mzazi ananiambia mimi nikate. Nikamjibu kwamba nitamtafutia miguu mingine. Na kweli nilitafuta. Ile niliyokuwa nayo stoo ilikuwa ya aina nyingine, tundu la meza halikukubali. Kwenye maduka nilikuta miguu tele, lakini meza za mbao zilishatupwa zamani, pamebaki marumaru na vioo. Kule Väsby nilikuta cherehani moja iliyo kamili, kichwa chake kikinitazama, nikajikuta nawaza namna ya kukitoa. Nikatoka mle dukani kwa aibu.

Wakati huo mama hakukaa bure. Alikiweka kichwa chake kwenye meza ya jikoni, akakikaza kwa vibanio vyangu vya seremala, akaanza kuzungusha kwa mkono. Alipunguza mapazia, akabadilisha zipu za makoti. Mimi nilipita nikijifanya natafuta chai. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza, mgongo umepinda upande mmoja. Kule kambini nilikuwa nakaa chini kwenye udongo nikiutazama mgongo ule, na sasa nilikuwa nautazama jikoni kwangu, ghorofa ya tano, Sundbyberg, huku sebuleni miguu ya cherehani imesimama inang'aa bila kazi.

Binti yetu ndiye aliyesema. Alikuwa na miaka sita, anaelewa Kiswahili chote na kujibu chote kwa Kiswidi. Aliuliza kwa nini farmor, yaani bibi, hakanyagi kwa miguu wakati miguu ipo pale.

"Mwulize baba yako," mke wangu akasema.

Nilichukua bisibisi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilifungua skrubu mbili za kwenye bawaba, nikavua mkanda, nikakitoa kichwa changu nilichokifufua kwa mate, nikakifunga kwa shuka la zamani na kukiingiza kabatini chini ya mablanketi. Kisha nikapandisha kile cha mama. Kilikaa kwenye tundu sawasawa, kikatoa mlio mdogo wa chuma na mbao.

Mama alichana ukanda kwenye kitenge alichokuja nacho, akaufunga kwenye mkono wa cherehani, akachomeka pini zake. Akatia mafuta, tone hapa, tone pale. Akavua viatu, akavua soksi, maana hakanyagi ila kwa mguu mtupu. Akagusa gurudumu kidogo kwa kiganja kuliamsha, na miguu ikafuata.

Haikuyumba. Mama alishona mstari mrefu kwenye kipande cha shuka kisicho na maana yoyote, akafika mwisho, akageuza, akarudi. Machozi yalikuwa yananitoka, nami sikuyaficha.

Kiangazi kile nyumba yetu ilikuwa baraza. Wanawake wa kanisani kwetu walikuja kutoka Kista na Väsby na vitenge vyao chini ya kwapa, Warundi, Wakongomani, Mkenya mmoja aliyetaka koti lipunguzwe mikono. Walizozania mitindo kwa Kiswahili cha kila namna, chai haikukauka jikoni. Kila jioni mama alipomaliza aliweka kipande cha kitambaa chini ya sindano na kukibana, kwa sababu, alisema, mashini hailali mdomo wazi. Binti yetu akamzoea kiasi cha kumwuliza maswali kwa Kiswahili, kibovu, lakini kwa hiari yake.

Siku ya kuondoka alifunga begi mwenyewe, mlango umefungwa. Nilipolinyanyua lilikuwa zito vilevile, nikajua kila kitu kimo, na sebuleni sikupita hata kuhakikisha. Nililibeba hadi Arlanda nikifikiria kwamba nitarudi, nitoe kichwa changu kabatini, nikipandishe tena mahali pake, na mambo yatakuwa kama zamani. Wazo hilo halikunifurahisha kama nilivyotarajia.

Niliporudi nyumbani kichwa cha mama kilikuwa dirishani, juu ya miguu yake, na kitenge chake na pini zake. Chini ya sindano palikuwa na suruali yangu ya kazi, upindo umeshonwa nusu. Nikafungua kabati. Chini ya mablanketi palikuwa na shuka la zamani, limekunjwa vizuri.

"Ulijua?" nikamwuliza mke wangu.

"Alisema nisikuambie, ungebishana."

Sikuigusa. Mama alipopiga simu kesho yake kusema amefika salama, nilianza na hilo kabla hata ya salamu kwisha.

"Mama, umeiacha mashini yako."

"Nimeiacha kwako. Kile chako kilikuwa kinalala kwenye kabati bila mguu, nimekileta huku kifanye kazi. Mwenyewe wa kwanza alishakiacha, wa sasa ni weye, na weye hushoni. Nitakifundisha."

"Si ulisema haiachwi kwa mtu?"

"Ile ilikulea," akasema. "Weye si mutu."

Kisha nikauliza habari ya ile miguu ya nondo, kama bado inayumba.

"Nimeizoea. Najua inayumbia upande gani. Suruali yako umeimaliza?"

"Bado."

"Vua viatu. Weka simu hapo juu nisikie."

Niliweka simu mezani, sauti juu. Nikavua viatu, nikavua soksi, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa bado na mto wake. Binti yetu akaja akasimama begani kwangu. Niligusa gurudumu kwa kiganja, nikakanyaga, sindano ikaenda hatua chache kwenye upindo, kisha gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika.

"Imenikataa," nikasema.

"Nimesikia," mama akasema toka Bujumbura. "Itakuzoea. Tia uzi."