Bushra Mpiga Pasi Hajawahi Kusema "Sijui"

Ukipotea mtaani Shubra, watu watakwambia kamuulize Bushra mpiga pasi. Kibanda chake kiko konani, mlango wazi, naye husimama humo kutwa na pasi yake mkononi akiitazama Kairo inavyopita. Miaka thelathini na minane ameelekeza wageni bila kudai hata gilasi ya chai, na hajawahi kumwambia mtu "sijui." Kwao hiyo ni aibu. Mgeni akuulize, nawe umwache aende mikono mitupu? Afadhali umpe njia yoyote, Mungu atamalizia.

Jumatatu ile, saa saba kasoro robo, alikuja mwanamke mmoja amemshika mumewe mkono. Jina lake Insaf, na mumewe, Thabit, alitembea akipapasa lami kwa ncha ya kiatu.

"Salamu alaikum, ami. Kwa Daktari Nashid wa macho ni wapi? Tumetoka Minya kwa treni ya alfajiri. Zamu yetu ni saa nane. Tukiikosa, nyingine ni baada ya miezi mitatu, na jicho lake lililobaki halina miezi mitatu."

"Mmeshafika," alisema Bushra. "Barabara ya tatu, mkipita kanisa, mkono wa kushoto. Na mnisikilize. Mkivuka barabara msikimbie, wala msirudi nyuma. Mwende mwendo mmoja, magari yatawakwepa yenyewe. Mkipanda teksi msiulize bei, maana anayeuliza ni mgeni. Na mkikwama, ulizeni watu watatu, muwafuate wawili wanaokubaliana."

Wakamwombea afya, wakaenda. Bushra akarudi kwenye shati lake, lakini roho haikutulia. Kusema kweli, alikuwa na uhakika kwamba pale kuna daktari. Uhakika kwamba ni wa macho hakuwa nao.

Akaingia Mwalimu Raouf kuchukua nguo zake. Bushra akamuuliza, kama mtu asiyejali.

"Yule wa karibu na kanisa?" Raouf akacheka. "Yule alikuwa wa meno. Naye alikufa mwaka juzi, suti niliyoendea mazishini uliipiga pasi wewe mwenyewe."

Harufu ya kuungua ikajaa kibandani. Bushra akaiinua pasi na kuona doa la kahawia begani mwa shati la mtu, wala hakulijali. "Nishikie kibanda, mwalimu," akasema, akatoka na kandambili zake.

Kanisani hawakuwapo. Muuza sigara akamwambia wameelekea kituo cha treni. Akakimbia huko, saa ya ukutani kwa kinyozi ikisema saa saba na dakika ishirini. Muuza juisi akaapa wamekwenda hospitali, upande wa pili kabisa. Mwenye duka la dawa akanyoosha kidole kwingine, uso mkunjufu, bila kusita hata kidogo. Bushra akautambua uso ule. Ndio aliokuwa nao yeye kila siku, na aliogopa.

Akawakuta saa nane kasoro ishirini, wamekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Thabit amevua viatu. Insaf analia bila sauti.

"Tumeuliza watu tisa, ami," akasema. "Wote wanapajua. Ulituambia tuwafuate wawili wanaokubaliana. Hao wawili hatujawapata. Sasa niambie, ni wapi?"

Barabara nyingine ilishamfika Bushra ulimini, tayari kabisa. Akaimeza.

"Sijui, mwanangu."

Insaf akafuta machozi. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Basi nisomee hii. Mwanangu ndiye aliyeiandika. Mimi sikusoma, na huyu haoni."

Ilikuwa na jina la daktari, mtaa wa ng'ambo ya mto Nili, na namba ya simu.

"Mbona hukunionyesha?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unapajua."

Bushra akatoa simu yake, akapiga. Sauti ya msichana ikasema daktari atawangoja mpaka saa nane na robo, si zaidi. Akasimamisha teksi bila kukata simu, akampandisha Thabit na viatu vyake mkononi, akapanda na yeye.

"Mtaa huo naujua," alisema dereva, akianza kukata kona.

"Hata mimi niliujua," alisema Bushra, akamwekea simu sikioni. "Ongea na msichana huyu. Akuelekeze neno kwa neno."

Darajani magari yalisimama kabisa. Waligonga mlango wa daktari saa nane na dakika kumi na moja. Insaf akaingia na mumewe. Msichana wa mapokezi akamtazama mzee wa kandambili aliyebaki kizingitini, jasho likimtiririka.

"Na wewe, baba? Ni nani wake mgonjwa?"

"Mimi ndiye wa kwanza kumpoteza njia," alisema Bushra, akaketi kumngojea atoke.