Treni ya Makatoni Iliyokwama Nyunzu

Mjukuu wangu anakaa Golf, mtaa wa wenye pesa, kwenye nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe, na watoto wake wana sanduku zima la magari ya plastiki wasiyoyachezea. Juzi nilikuta katoni la televisheni limetupwa nje karibu na taka. Katoni kubwa, zuri, halina hata tundu. Nikalikokota mpaka ndani. Mke wa mjukuu wangu akacheka, akiniita kambo, yaani nyanya: "Kambo, unatafuta nini mu bichafu?" Nikamwambia anipe kisu na aniache.

Taka! Baba yangu, Donat Kapya, alifurahisha nusu ya watoto wa mtaa wetu kwa taka hizo. Alikuwa mpakuzi wa mizigo kwenye stesheni ya Élisabethville, maana ndilo jina mji huu uliloitwa wakati wa Wabelgiji. Mzigo ukishafunguliwa, katoni tupu la sabuni au la sardini lilikuwa halina mwenyewe, naye alilikunja akarudi nalo kichwani. Wenzake walirudi na bia tumboni. Mama alicheka akasema ana bahati, katoni halinuki.

Gundi yake ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa na maji mpaka unate. Mpaka leo nikisikia harufu ile nageuka kumtafuta. Magurudumu aliyakata kwa kuzungusha kisu kwenye mdomo wa kikombe, akayabandika mawili mawili ili yasipinde, na ekseli ilikuwa unyasi mgumu wa mtoni. Ukimwomba gari, alikuuliza kwanza: "Inabeba nini?" Mtoto aliyejibu "sijui" alirudishwa kwao akafikiri. Aliyesema "mihogo ya kambo" alipata lori lenye bodi pana, aliyesema "wagonjwa" alipata gari lenye kitanda ndani. Baba alikufa zamani, na katika vitu vyote alivyotengeneza hakuna hata kimoja kilichobaki. Katoni haliachi urithi.

Ila treni moja naikumbuka yote, mpaka mahali gundi ilipovuja.

Mwaka 1949, mwezi wa tano, zilikuja habari kwamba mama mzazi wa mama yangu amefariki kwao Nyunzu, kaskazini. Mama, Agnès, akafunga mzigo, akambeba mgongoni mdogo wangu Pierre ambaye hata meno alikuwa hajaota, akaondoka. Siku hizo kwenda Nyunzu ilikuwa safari kweli. Treni mpaka Bukama, pale unapanda masua, meli ya mto, unashuka nayo Lualaba siku kadhaa mpaka Kabalo, halafu treni nyingine.

Baba alitakiwa kwenda naye. Kwetu, mama mkwe haliliwi kwa salamu. Mwanamume aliyeoa anafika mwenyewe, anakaa chini kwenye matanga, analia mbele ya wajomba wa mke wake wamwone, na kawaida ni kama sheria. Kazini walimwambia ruhusa ya kuondoka hakuna. Akasema sawa, akabaki. Angeweza kuomba tena. Hakuomba, na sijui kama ni woga au aibu, kwa sababu siku zilivyozidi kupita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuwatazama wakwe usoni.

Mimi Victorine nilikuwa na miaka saba, na nililia siku tatu mfululizo. Siku ya nne baba alirudi na makatoni sita kichwani.

Akachora reli kwa makaa kwenye sakafu ya saruji. Élisabethville ilikuwa kizingiti cha mlango. Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ilikuwa chini ya meza, Tenke kwenye mguu wa kitanda, Bukama pembeni kwenye sufuria. Kutoka Bukama alitandika kitenge cha bluu alichokiacha mama, huo ukawa mto. Kabalo ilikuwa chini ya mtungi wa maji, na Nyunzu nyuma ya gunia la unga. Kila stesheni ilikuwa kiberiti kitupu kilichosimamishwa. Halafu akaunda injini moja, mabehewa manne na masua yenye bomba. Mwisho akakata mwanamke wa urefu wa kidole changu, mtoto mgongoni, akamweka ndani ya behewa la pili.

"Nisukume?" niliuliza.

"Hapana. Treni haitoke bule. Stesheni ya mbele inajibu kwanza kama njia iko wazi. Tukipata neno, njo tunasukuma."

Ndivyo walivyofanya stesheni, na kwake yeye hakukuwa na namna nyingine ya kuendesha treni hata ya katoni. Neno lilikuja kwa midomo ya watu wa reli. Mmoja alimwambia mwenzake, huyo akamwambia Lucien, rafiki wa baba aliyefanya kazi kwenye treni za Bukama, na Lucien akaja mpaka mlangoni kwetu na vumbi lake. "Kapya, bibi yako anapanda masua. Mutoto iko muzima. Anasema Victorine aache kulia." Tulisukuma mimi na baba, kidole kwa kidole, tukamhamisha mama kutoka behewani mpaka kwenye masua, na mimi nikaacha kulia kweli.

Mtaa wote uliizoea treni yetu. Wanawake waliokuwa na ndugu safarini walipita, wakachungulia: "Baba Victorine, treni iko wapi leo?" Baba akajibu kwa heshima zote, kama msimamizi wa stesheni. Neno lake halikuwahi kukosea.

Mwezi wa sita Lucien akasema: "Anafika Nyunzu," maana yake kwetu amekwisha kufika. Tukasukuma mpaka nyuma ya gunia. Baada ya hapo, kimya.

Mwezi wa saba, kimya. Wa nane, kimya. Baba alikata tu. Akaongeza behewa la mizigo. Akaongeza ng'ombe. Akawatengenezea watoto wa jirani kanisa zima lenye mnara. Nilikuwa na vitu vya kuchezea vingi kuliko mtoto yeyote wa Élisabethville, mweusi au mweupe, na ningevitupa vyote motoni nimpate mama yangu.

Jirani yetu Mama Chola alikuwa mwenyeji wa hapa hapa. Wazee wake walilima ardhi hii kabla reli haijafika, na ulimi wake haukuwa na likizo. Jioni moja alisimama mlangoni, akamtazama baba akibandika magurudumu.

"Baba Victorine, mama-mukwe wako anakufa, weye unakata makartoni. Kartoni inaweza kulia matanga?"

"Nangojea neno, Mama Chola."

"Neno gani? Bajomba beko banangojea weye, njo bamuache bibi yako arudi!"

Baba akainama kwenye gundi yake. Mimi nilimchukia Mama Chola siku hiyo.

Mvua zikarudi. Maji yalipita chini ya mlango, unyevu ukapanda kwenye sakafu, na katoni na unyevu ni paka na panya. Masua ikalegea bomba. Mchwa wakala Kabalo. Baba akatengeneza injini mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara aliirudisha palepale Nyunzu. Asubuhi moja ya Novemba, yeye akiwa kazini, nilimtoa mama wa katoni ndani ya behewa nikaona shingo yake imelainika, kichwa kimeanguka mbele.

Nilipata hasira ambayo sijaipata tena, na nimeishi miaka mingi. Nilifikiri hivi: kama neno linasukuma treni, basi treni nayo inaweza kuvuta neno. Nikaisukuma mwenyewe. Nyunzu, Kabalo, mto wote, Bukama, Tenke, Jadotville, bila kusimama. Nikamsimamisha mama kwenye kizingiti, nikatoka nje nikapiga kelele: "Mama anafika! Mama anafika!"

Nani angenitilia shaka, na treni yetu haikuwahi kusema uongo? Mama Chola alitoka na unga wa kusonga bukari, ugali wa wageni. Wanawake wakapiga vigelegele mtaa mzima, na mmoja akakimbia stesheni kumwita baba. Alikuja mbio na gunia la kazi bado begani, kofia imeanguka sijui wapi, anacheka. Sijawahi kumwona mtu anacheka vile.

"Iko wapi?"

Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia, wamekwisha kuona. Nikajibu mimi: "Iko pa mulango, baba. Chini."

Akatazama chini. Akamwokota, akamnyoosha shingo kwa kidole gumba.

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alipiga magoti akaanza kuirudisha treni, akitaja kila stesheni kwa sauti. Jadotville. Tenke. Bukama. Alipofika kwenye kitenge cha bluu mkono ukasimama. Akakikusanya chote, akafunika uso, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, akimtaja mama mkwe wake kwa jina mbele ya majirani wote, kilio ambacho alikuwa amekikalia miezi sita.

Mama Chola akaweka unga wake chini. "Njo vile," alisema polepole, kama kusema ndivyo inavyotakiwa. "Njo vile, mwanangu. Sasa enda ulie kule."

Sijui alimwambia nini mkubwa wake kazini. Ninachojua ni kwamba aliomba mara ya pili, wenzake wakakubali kushika zamu zake, na wiki ile ile baba akaondoka. Usiku wa kuamkia safari alimrudisha mama wa katoni Nyunzu, akakata mwanamume, yeye mwenyewe, kwenye katoni la sabuni, akamweka ndani ya behewa la kwanza pale mlangoni. Mimi nilikabidhiwa kwa Mama Chola, na treni ikakabidhiwa kwangu.

"Bila neno?" aliniuliza.

"Haitoke."

Na haikutoka. Lucien alileta neno la Bukama, nikasukuma. Akaleta la Kabalo. Akaleta la Nyunzu: "Analia na bajomba siku ine. Banamupa mukeka akae." Mama Chola akapiga makofi, kwa sababu mkeka ule ulikuwa ndiyo msamaha wenyewe. Baada ya Krismasi neno likaanza kurudi, stesheni kwa stesheni, na sasa lilisema bantu batatu. Nikawafikisha Jadotville, chini ya meza.

Siku ya treni yao Mama Chola alinivuta mkono twende stesheni. Nikakataa. Nilikwisha kuudanganya mtaa mara moja. Nikakaa sakafuni kando ya meza, mkono juu ya injini, nikamwacha aende peke yake akinisonya.

Nilisikia hatua. Mama akasimama mlangoni, amekonda, kichwa kimenyolewa kwa msiba, na Pierre amesimama kwa miguu yake mwenyewe akishika kitenge chake. Nyuma yake baba, na mzigo kichwani.

"Victorine, haukuye kunisalimia?"

Nilitaka kukimbia. Mwili wote ulitaka. Lakini nilitazama treni, nikasema: "Stesheni haiyajibu."

Mama akatazama sakafu, mstari wa makaa, kitenge chake cha bluu. Baba alikuwa amemwambia yote njiani, nadhani, kwa sababu hakucheka. Alipiga magoti palepale kwenye kizingiti, akaweka viganja viwili chini.

"Élisabethville inajibu," alisema. "Njia iko wazi. Leta treni, mwanangu."

Nikaisukuma kutoka chini ya meza mpaka mikononi mwake. Gurudumu moja lilitoka njiani, na sikusimama kuliokota.