Siku Tulipolifua Gari la Mama Mkubwa

Mama Mkubwa alinunua gari akiwa na mafua, na hilo ndilo kosa pekee ninaloweza kumtajia maishani mwake, ukiondoa lile la kuolewa mara ya pili. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akifua mashuka ya waliozaliwa na ya waliokufa, na alipostaafu alisema sasa mikono yake itashika kitu kikavu. Alimaanisha usukani. Akaenda kujifunza udereva akiwa na miaka sitini na mmoja, akafeli mtihani mara tatu, vijana wa kule wakambatiza Bibi Klachi, na mara ya nne akafaulu. Wiki iliyofuata akaja na gari.

Lilikuwa gari dogo la milango minne, gia za mkono, rangi ya vumbi. Aliyemuuzia alikuwa mchuuzi wa maziwa, na kwa miaka mingi madumu yake yalikuwa yakipanda na kushuka humo, yakivuja kwenye kila kona. Mwenye pua yoyote angejua. Lakini Mama Mkubwa siku hiyo pua yake ilikuwa imefungwa kama duka la siku ya msiba, akalizunguka gari, akapiga matairi teke, akasema safi.

Siku ya tatu pua ikazibuka. Alitoka kibarazani, akanusa upande wa gari, kisha akasema, "Mdogo wangu, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Mdogo wake ni mama yangu. Tunaishi nyumba moja yenye milango miwili: Mama Mkubwa upande wa barabara, mimi na Mama upande wa bomba. Mama alikuwa akichagua mchele, hakuinua hata macho.

"Si mbuzi," akasema. "Ni ng'ombe."

Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unaliita lile gari Mtindi.

Hapa lazima niseme habari ya pua ya Mama. Nikiwa na miaka kumi na saba nilijaribu sigara. Nilivuta moja, tena nusu, mbali na nyumbani, nikala karoti mbili, nikaoga. Nilipoingia mlangoni Mama aliniuliza nimebakiza wapi nusu nyingine. Pua hiyo ni kipaji na ni adhabu. Akipanda basi, dizeli humchafua roho, jasho humchafua, manukato ya abiria humchafua kuliko vyote, na mara ya mwisho alipojaribu ilibidi wamshushe yeye na mfuko wake kando ya barabara, wote wawili wakiwa wamejaa matapishi. Ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Tangu siku hiyo alikula kiapo: pasipofikika kwa miguu si pake.

Sasa kaka yangu anaishi mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, na miezi mitatu kabla ya siku ninayoisimulia, mkewe alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Mama. Kichanga hakiwezi kusafirishwa, na kaka kazini hapati ruhusa. Kwa hiyo Mama alikuwa bibi wa kwenye simu. Kila jioni alimwimbia mjukuu wake, mtoto analia kule, naye anatuambia anaitikia. Akikata simu alikuwa anajifanya anatafuta kitu kabatini. Mimi nilijua hatafuti kitu.

"Hili gari nililinunua kwa ajili yako," Mama Mkubwa akamwambia. "Jumamosi nakupeleka."

"Kwa sharti moja," Mama akasema. "Nikisikia harufu, yoyote ile, nashuka. Na nikishuka sipandi tena."

Ijumaa nilifunga saluni yangu. Mimi ni msusi, na wateja wangu hawapendi kuambiwa kesho, lakini nilibandika karatasi mlangoni: *Tunafua gari.* Nilimkuta Mama Mkubwa uani amevaa aproni yake ya hospitali na mabuti ya mpira, ndoo nne mbele yake, mabrashi yamepangwa kama vyombo vya upasuaji.

"Gari ni shuka lenye injini," akaniambia. "Tunaanza ndani. Uso tutauosha baadaye, kinachonuka ni tumbo."

Akafungua milango yote minne, akawasha redio ya gari, sauti juu. Chumbani kwao kule hospitali mashine zilikuwa zikinguruma kutwa, basi kimya kinamchosha. Redio ya Mtindi ilikuwa inashika kituo kimoja tu, cha muziki wa dansi wa zamani, na tukakubaliana kwamba hicho kinatutosha.

Tukatoa mazulia ya miguuni. Tukatoa vitu sita vya manukato vilivyokuwa vimening'inizwa na mchuuzi, kila kimoja kikijaribu kuficha maziwa na kimeshindwa. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikaenda jikoni nikachemsha maji, nikarudi mbio nikayamwaga sakafuni mwa gari.

Mama Mkubwa aliniangalia kama mtu aliyeona nyumba inaungua.

"Maji ya moto kwenye maziwa," akasema polepole. "Mwanangu, umeyapika."

Kweli, mvuke ulipopanda, harufu iliamka ikasimama wima. Mama alikuwa amekaa kibarazani kwake, hatua ishirini kutoka pale, mtandio puani. Akasema neno moja: "Loo." Kisha akainuka, akaingia ndani na kufunga dirisha, nami nikajilaumu, maana begi lake la safari lilikuwa nyuma ya mlango tangu Jumatano, limefungwa, na juu yake sweta alilomfumia mtoto.

"Maziwa na damu ni maji baridi," Mama Mkubwa akasema. "Miaka thelathini na mmoja. Maji baridi, subira, kisha sabuni. Sasa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaazime spana."

Fundi baiskeli wa jirani akatupa spana ya namba kumi na mbili na ushauri ambao hatukuuomba. Tukafungua kiti cha nyuma, kikatoka kizima. Chini yake tukapata vizibo vya dumu, vitana viwili, kiatu kimoja cha mtoto na kijiko. Tukalikunja zulia la sakafu, na chini ya zulia ndipo tulipomkuta mwenyewe: gamba la sponji lililolazwa juu ya bati, la manjano, gumu kama mkate wa wiki iliyopita. Maziwa ya miaka yote yalikuwa yamehamia pale yakajenga.

"Maji yakimwagika hayazoleki," fundi baiskeli akasema juu ya vichwa vyetu.

"Maziwa yanazoleka," Mama Mkubwa akamjibu. "Leta koleo."

Tulilichuna gamba lote tukalitupa. Bati tukalisugua kwa maji baridi na sabuni, tukanyunyizia siki, tukamwaga ule unga wa magadi wa kuumulia keki, ukachemka povu mpaka mlangoni, nikacheka kama mtoto. Viti tukavipiga brashi, tukavifyonza kwa taulo kavu, tukavianika. Dashibodi tuliifuta kwa kitambaa chenye unyevu, na kwenye matundu ya hewa tukapitisha mswaki, tundu kwa tundu. Zulia lilipokuwa bado na unyevu nilivuta waya wa umeme kutoka dirishani, nikalikausha kwa mashine ya nywele. Nimekausha vichwa vingi, hicho ndicho kilichonyamaza kuliko vyote.

Kila baada ya saa moja Mama Mkubwa alikuwa akigonga dirisha. Mama anatoka, anakuja mpaka kwenye kivuli chembamba cha ukuta, ananusa mara mbili.

"Bado," anasema, anarudi.

Saa sita, bado. Saa nane, bado, lakini safari hii alisogea hatua tatu zaidi. Saa tisa alifika kwenye mlango wa gari, akainamisha kichwa, akanusa, akakunja uso. "Siki," akasema. Mama Mkubwa akapiga kofi pajani kwa furaha. Siki huruka yenyewe, maziwa hayaruki.

Jua lilipopungua ukali tukahamia nje, maana gari likioshwa juani sabuni hukauka na kuacha madoa. Ndoo moja ya sabuni, ndoo moja ya kusuuzia sponji, kuanzia juu ya paa kushuka, magurudumu mwisho, na sponji ya magurudumu haigusi mlango. Nilipopitisha mkono wa kwanza paani niliita kwa sauti. Gari lilikuwa la bluu. Wote tulikuwa tukidhani ni la kijivu, na nadhani mchuuzi naye alikuwa hajui.

Basi tukaingiwa na wazimu. Redio ilipiga wimbo wa ujana wake, Mama Mkubwa akadaka sponji mbili akaanza kucheza na mabuti yake, anaosha boneti kwa kiuno. Nikammwagia maji. Akanimwagia ndoo nzima, mwanamke wa miaka sitini na mmoja. Fundi baiskeli alikuja kuchukua spana yake akabaki, akapewa kitambaa, akapaka nta mlango wa kushoto mpaka nikaona meno yangu humo. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ambayo mtu haoni haya nayo. Jioni redio ilianza kufifia, mwimbaji akawa anavuta maneno kama mlevi, tukadhani kituo kinafunga matangazo. Tukaizima, tukarudisha kiti, tukafunga vioo vyote kwa amri ya Mama.

"Harufu hujificha mchana," alisema. "Ilale humo ndani. Asubuhi tutaonana."

Asubuhi alitoka amevaa viatu vya safari, lakini begi amelishika kwa vidole viwili, kama mtu ambaye hajaahidi. Mama Mkubwa alifungua mlango wa nyuma akasimama kando, mikono nyuma, mgongo wima. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni. Mama akaingiza kichwa. Akanusa kiti. Akanusa sakafu. Akanusa hata mkanda.

"Hakuna kitu," akasema, na akasema kwa mshangao, karibu alalamike. Kisha akaketi, akavuta mlango, akapakata begi.

Mama Mkubwa akazungusha ufunguo. Gari likasema tik. Akazungusha tena. Tik.

Betri. Milango minne wazi na redio kutwa nzima. Tulikuwa tumeicheza yote. Mama Mkubwa alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona machozi machoni mwake.

"Imekufa?" Mama akauliza kutoka nyuma.

"Imelala tu," nikasema. "Shuka kidogo Mama, tusukume."

Neno lilikuwa limeshatoka. Nikishuka sipandi tena. Mama alitazama mlango, akatazama nyumba, mlango wake wa upande wa bomba ukiwa umefungwa vizuri. Alikuwa amepewa njia ya kurudi bila aibu, na wote watatu tuliiona. Akaufunga mkanda, klik.

"Sukumeni nikiwa humu humu," akasema.

Basi nikasukuma mama yangu. Fundi baiskeli upande mmoja, mimi upande mwingine, nta inateleza viganjani, nyuma yetu muuza magazeti na watu wawili waliokuwa wakienda zao kazini. Mama Mkubwa ndani anapiga kelele, "Gia ya pili, bado, bado, sasa," akaachia klachi. Mtindi likaruka, likakohoa, likanguruma, likaondoka. Lakini Bibi Klachi hakuthubutu kusimama, lisije likazima. Alinizunguka kwenye makutano mara mbili, Mama akinipungia mkono dirishani kama mgeni rasmi, na mara ya tatu nikaufungua mlango likitembea nikajitupa ndani.

Kwa saa zote tatu na nusu Mama hakutapika. Aliimba, tena kwa sauti, na ile redio ilipozinduka aliifuata.

Kaka alitusubiri mlangoni, mtoto kifuani. Mama hakumsalimia, hakunawa hata mikono. Alimchukua mjukuu wake, akaingiza pua shingoni mwake, pale penye mikunjo, akavuta pumzi ndefu ya miezi mitatu. Mtoto akamcheulia maziwa begani.

Mama Mkubwa akashika ukuta.

"Ananukia maziwa," Mama akasema, akarudisha pua palepale.

Siku tatu alivaa mtandio uleule, mtoto akaendelea kuucheulia, na hakuruhusu mtu aufue, hata mfuaji wa hospitali. Tulipokuwa tukirudi aliuweka mapajani. Jua lilikuwa kali, na kabla ya nusu saa Mtindi lilikuwa limerudi kuwa Mtindi, lile gamba tulilolichuna, siki na magadi, vyote kazi bure. Nilimchungulia Mama kwenye kioo, nikiwa tayari kumwambia Mama Mkubwa asimamishe. Alikuwa amefumba macho. Kwa huruma nikashusha kioo cha upande wangu kidogo, hewa iingie.

"Funga," Mama akasema, bila kufumbua macho. "Harufu yake itatoka."