Senene wa Ma Kokuteta

Enzi zetu kule Ijumbi, mtu akikuudhi ulikuwa huna pa kumpeleka. Watoto wetu wa leo wamebarikiwa. Jirani akikohoa vibaya tu wanambloki, wanaandika kwamba wanalinda amani yao, kisha Jumapili wanaimba kwaya wamefumba macho kwa upendo wa Mungu. Amani yetu sisi hakuna aliyeilinda. Ilitumwa kwa Ma Kokuteta na kikapu kichwani.

Ma Kokuteta alikuwa mjane, kibanja chake cha migomba kikipakana na chetu kwa upande wa juu. Tulisali naye kanisa moja la Kilutheri, yeye akikaa benchi la nyuma kabisa ili amwone kila anayechelewa. Kuku wetu akivuka mpaka alirudi anachechemea. Ukipiga magoti kumsalimia, alikuuliza kama kwenu maji ya kuoga yamekwisha. Na kwenye sala za nyumba kwa nyumba alituombea wote kwa majina, dhambi zetu akizieleza kwa kirefu, Mungu asije akachanganya. Kusema kweli nilimchukia.

Mama yangu naye alikuwa Mkristo wa ile aina inayochosha, inayofanya yaliyoandikwa. Mvua za Novemba zikileta senene, wale panzi wetu wa kuliwa, tuliamka alfajiri kuwaokota kwenye nyasi zenye umande, vidole vikifa ganzi. Kabla hata baba hajaonja, na Mhaya yeyote anajua uzito wa jambo hilo, mama alitenga fungu la Ma Kokuteta. Kazi yangu ilikuwa kuwanyonyoa mabawa na miguu, kwa kuwa macho ya mama yule yalikuwa yamefifia. Yalififia kwa senene tu. Makosa ya watu aliyaona mpaka ng'ambo ya bonde. Nikinung'unika, mama alisema, "Mwana wange, anayependeka hata wapagani wanampenda. Wewe peleka."

Ukafika mwaka wangu wa kipaimara. Mwinjilisti alikuwa ametuonya kwamba mtoto atakayeshtakiwa kwa utovu wa adabu jina lake litafutwa, asubiri mwaka mwingine. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa, na shangazi wa Maruku alikuwa amejiandaa kuja. Amri kumi nilizijua zote pamoja na maelezo yake. Basi kwa akili hiyo iliyojaa katekisimu, Alhamisi ya wiki ya mwisho nikajaza jani la mgomba mabawa na miguu mitupu, nikatandaza juu yake senene wa kiganja kimoja, nikafunga vizuri na kumpelekea Ma Kokuteta. Waliobaki niliwarudisha chunguni kwetu, wakaliwa na familia nzima baada ya sala ya shukrani.

Raha ile ilidumu mpaka nilipolala. Kulipokucha nikaanza kusikiliza kila hatua inayoteremka kutoka kwake, maana neno lake moja tu lingetosha, na gauni lingerudi sandukuni. Hakuja Ijumaa, hakuja Jumamosi. Jumapili ya kipaimara, nje ya kanisa kabla ya ibada, mwinjilisti akiwa amesimama palepale, mama akamuuliza Ma Kokuteta kwa furaha, "Ma, wale senene ulikula vizuri?"

Nikasogea nyuma ya mama. Huyu ndiye aliyewahi kumshtaki mbuzi wetu kwa balozi wa nyumba kumi. Alinitazama, na siku hiyo macho yake hayakuwa na ukungu wowote.

"Walikuwa wazuri," akasema. "Ni mimi niliyewaharibu kwa chumvi."

Mwanamke aliyekuwa hajakiri kosa lolote tangu azaliwe. Kisha akamgeukia mwinjilisti na kumlaumu kwa mahubiri yake marefu ya kila Jumapili.

Nilipata kipaimara changu, gauni na shangazi vyote vikiwa mahali pake. Jumatatu nikapanda kwake bila kutumwa, nikapiga magoti, nikasema, "Ma, nisamehe." Akanisukumia ungo wa senene. "Nyonyoa. Na miguu yote, si kama wavivu wa kwenu." Msije mkadhani tulikuwa marafiki. Kila msimu mpaka nilipoolewa nilikwenda kumnyonyolea, naye alinisimanga kuanzia mlangoni. Nilimpenda mama yule. Sijui nilianza lini, maana yeye hakubadilika hata kidogo ili kunirahisishia.

Leo naishi Bukoba mjini, senene nanunua waliokwisha kukaangwa, hakuna wa kunisimanga. Juzi binti yangu aliniambia amemfuta mama mkwe wake kwenye simu kwa sababu anamchosha. Nikacheka. Nikaanza hotuba yangu, kwamba vijana wa siku hizi mmekuwa laini kama uji, sisi tulifundishwa kuwapenda hata wenye miiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Mama, jirani yetu huyu wa kushoto anaitwa nani?"

Tumekaa pale miaka kumi na moja. Niliambiwa mapema kwamba jirani huyo ana ulimi mkali, nikapandisha ukuta na juu yake nikapanga vipande vya chupa. Jina lake sikulijua.

Mimi mama yangu alinituma. Wanangu sikuwahi kuwatuma kwa mtu.