Kuingia Majini Bila Kazi

Mkazi wa Nakuru akisema anatafuta mahali pa kuzamia, huambiwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba hakuna mahali. La pili ni kwamba hata pangekuwapo, hapamhusu. La kwanza nililichunguza kwa miaka miwili. La pili nililikataa siku niliyolisikia.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Kuzamia kwa mtungi wa hewa nilijifunza Pwani, nilipokwenda kufunga pampu za hoteli moja na kazi ikaisha wiki mbili kabla ya wakati. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa likizoni akaja kunitembelea, tukajifunza pamoja. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mtu hazamii peke yake. Kwa hiyo tuliporudi nyumbani tulikuwa wawili, jozi moja ya wazamiaji katika mji usio na bahari.

Sipendi kukisia. Nilichukua sahani nyeupe ya enameli, nikaitoboa matundu matatu, nikaifunga jiwe chini na kamba juu, na kwenye kamba nikapiga fundo kila nusu mita. Sahani ikizama mpaka isionekane, nahesabu mafundo, naandika. Ziwa Nakuru na Elementaita niliyafuta mapema, kwa sababu ni maji ya magadi, na mimi nilitaka maji matamu. Naivasha mvuvi mmoja alinipeleka kwa mashua hadi mahali ambapo ziwa lilikuwa limepanda likameza ua wa shamba. Sahani ilitoweka kabla ya fundo la pili.

"Boss," mvuvi aliniuliza, "unamlisha nani huko chini?"

Viboko watatu walikuwa karibu kuliko nilivyopenda. Nikaandika: hapana.

Baringo kuna mamba, na maji yake ni rangi ya chai ya maziwa. Lakini hata kama yangekuwa safi kama kioo, kulikuwa na kizuizi kingine nilichokipata vitabuni. Mwili wa mtu aliyetoka kuzamia ni kama chupa ya soda. Akipanda mlima saa hizo hizo, ni kama amefungua kifuniko kwa pupa. Hewa iliyoingia kwenye damu hutoka kwa mapovu, na mapovu hayo yanaweza kulemaza. Baringo iko chini sana ya Nakuru. Ukizamia kule, huwezi kurudi nyumbani siku hiyo. Basi nikaigeuza ramani. Nikaacha kutafuta maji yaliyo chini ya nyumba yangu, nikaanza kutafuta yaliyo juu yake.

Ndivyo nilivyolifikia bwawa lile, kwenye mabega ya Mau, juu ya Njoro. Jina lake sitalitaja. Lilichimbwa zamani za walowezi, na shamba lilipogawanywa kwa wanahisa, bwawa likabaki la wote. Linajazwa na chemchemi. Kamati yake ni kali: ng'ombe hunywa kwenye hori la saruji nje ya ua, na hakuna anayeruhusiwa kutia kwato ndani. Siku nilipokwenda kuwatengenezea pampu, nilishusha sahani nikiwa juu ya ukuta wa bwawa. Ilitoweka kwenye fundo la kumi na moja. Niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea kuhesabu.

Mitungi minne ilitoka Mombasa, kwa sababu kompresa za karakana za Nakuru hutoa hewa yenye mafuta, na mafuta hayo yakiingia mapafuni ni sumu. Dereva wa lori aliniteremshia Kikopey, alikosimama kula. Mchoma nyama aliigonga kwa kisu.

"Hii ni gesi ya kupika?"

"Ni hewa."

"Hewa tu?" Akamgeukia mwenzake. "Huyu mzee ametoa hewa Mombasa. Kwani hii ya hapa imeisha?"

Jumatano iliyofuata tulifika bwawani asubuhi, mimi na mdogo wangu. Pale getini kuna kitabu. Kila anayeingia huandikwa tarehe, jina, saa na kazi. Mlinzi, mzee wa gambuti na kofia ya sufu, alishika kalamu.

"Kazi gani?"

"Kuzamia."

"Kuzamia kufanya?"

"Kuona."

"Kuona nini?"

"Sijui. Sijaona bado."

Akafunga kitabu. "Hapa watu huja na kazi, boss."

Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati, mama aliyekuja kutoka shambani kwake na udongo wa viazi mikononi. Alinitazama, akacheka kama aliyetuliwa mzigo.

"Si wewe ndiye ulitutengenezea pampu?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa shida iko wapi? Mzee, mwandikie pampu. Aingie."

"Pampu yenu ni nzima, mama. Nikiandika pampu nitakuwa nimedanganya."

"Na nani atajua?"

"Wewe, mimi, mdogo wangu na mzee. Tayari tuko wanne."

Mdogo wangu alinivuta shati. "Kaka, andika pampu tuingie. Hewa itoke Mombasa ije ilale kwa gari?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Likizo yake ilikuwa siku chache, na neno moja tu lingetufungulia. Lakini neno hilo nilikuwa nimelitumia maisha yangu yote. Mageti ya mashamba ya maua, ya shule, ya nyumba za matajiri, yote yamenifungukia kwa sababu nilikuwa nimeshika spana. Nimesimama kando ya vidimbwi vya kuogelea vya watu nikisafisha vichujio, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kuogelea. Sikuwa na kinyongo na kazi. Kazi ni nzuri. Lakini maji haya yalikuwa ya wananchi, nami nilitaka kuyaingia kama mwananchi, si kama fundi. Kama ningeandika pampu, ningeona samaki wale wale, ndiyo. Ila mwaka ujao mtu mwingine akisema "kuona", angeambiwa tena kwamba jambo hilo halijawahi kutokea.

"Basi ni kikao," mama mwenyekiti alisema, bila kucheka tena. "Jumamosi."

Kikao kilifanyika kwenye kibanda cha maziwa, baada ya mikebe kuchukuliwa. Tuliketi kwenye kreti. Kijana mmoja alianza kabla sijasalimia.

"Huyu ni sovea. Nilimwona juu ya ukuta akipima. Leo ni kamba na sahani, kesho ni mawe ya mipaka."

Nilitoa daftari langu nikalizungusha. Lilikuwa na majina ya maziwa na idadi ya mafundo. Alilisoma kwa makini, akanirudishia akiwa amevunjika moyo.

Mama mmoja aliuliza tutakavyohakikisha hatuchafui maji wanayokunywa, na tukizama nani atatutoa. Hilo lilistahili jibu refu, nikalitoa: suti za kuzamia na vifaa vyote vimeoshwa na kuanikwa siku tano, hatupaki mafuta wala dawa yoyote, kamba imefungwa kiunoni, kuna mtu wa kuishika nchi kavu, na hatupiti mita tisa. Nilieleza pia kwa nini majedwali ya baharini, yanayoonyesha mzamiaji akae chini kwa muda gani, hayafai mlimani, na jinsi nilivyoyakokotoa upya. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kisha akasimama makamu wa mwenyekiti, mtu mnene mwenye koti la ngozi. "Mimi nauliza kitu kimoja. Mtu mzima anaacha kazi aende kucheza kwa maji? Hiyo ni tabia ya wazungu."

"Na ni ukweli," alisema mlinzi kutoka mlangoni. "Mzungu aliyechimba hili bwawa alikuwa anaoga hapa kila Jumapili na mbwa wake wawili. Baba yangu akishika taulo. Hakuna siku aliandikwa kwa kitabu."

"Ndiyo maana tulimfukuza!" makamu alisema.

"Hatukumfukuza kwa sababu ya kuoga."

Watu walicheka. Mama mwenyekiti hakucheka. Aliomba kitabu cha geti, akakifungua katikati, akampa mlinzi. "Tusomee kazi peke yake. Majina wacha."

"Maji ya kunywa," mzee alisoma. "Maji ya kunywa. Kunywesha ndama wawili. Maji ya kunywa."

"Huyo wa mwisho alikuja na nini?"

"Na pampu. Na mipira mita mia mbili."

"Ana kiu ya aina gani huyo?"

Kibanda kilicheka, kisha watu wakamgeukia makamu, naye alikuwa akifunga zipu ya koti lake.

"Kila mtu kwa hiki kitabu ana kazi," mama mwenyekiti alisema, "na nusu yenu mnanidanganya. Huyu tumembembeleza adanganye, akakataa. Mimi nitamwambia nini?" Akachukua kalamu. "Wapewe saa moja. Leo. Mzee atashika kamba." Aliandika mwenyewe polepole, kisha akanionyesha. Kwenye safu ya kazi alikuwa ameandika: *Hakuna. Anaenda kuona.*

Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Tulishuka sambamba, mkono wa mdogo wangu ukiwa umbali wa mkono wangu. Katika mita tatu kijani kilifunguka, nikaona mteremko wa kilima kama ulivyokuwa kabla ya bwawa: visiki vilivyosimama kwa safu, bado vina alama za shoka. Kaa mmoja alitembea juu ya kisiki akiwa ameinua gando kama mtu anayepinga hoja. Samaki wadogo wenye mistari walitufuata nyuma, wakisimama tuliposimama. Chini kabisa chemchemi ilikuwa ikichemsha mchanga bila joto, punje zikipanda na kushuka mahali pamoja. Tuliitazama muda mrefu. Mdogo wangu alinibana kidole mara mbili, ishara ambayo hatukuwa tumefundishwa.

Tulipotoka, nusu ya kikao ilikuwa ukutani. Mlinzi aliuliza kuna nini, nikamweleza visiki, kaa na mchanga. Alitaka kujua visiki viko upande gani, nikamwonyesha.

"Na faida?" makamu aliuliza kutoka nyuma.

"Hakuna," nilisema.

Mdogo wangu alianza kukunja kamba haraka, kwa sababu watu walikuwa wametukodolea macho na hatukuwa na chochote cha kufanya. Nilimwambia akae. Saa tuliyopewa ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili. Tulikaa juani, miguu ndani ya maji, mpaka zikaisha zote.