Viazi vya Daktari wa Nne

Baba yangu Manase alikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati, na hadi uzeeni hakuna aliyemtoa kwenye imani yake moja: mtu aliyepanda hahami kabla ya kuvuna. Kwa Wabena wenzake hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kosa lake ni kulitumia kwa Mwingereza.

Ilikuwa mwaka 1942. Jeshi lilikuwa na kambi Makambako. Askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, walipita hapo kwa malori wakienda vitani, na wagonjwa wao wakashushwa. Baba aliazimwa kutoka zahanati moja ya Njombe. Sharti lilikuwa jepesi: akipatikana daktari wa kukaa, yeye arudi kijijini kwetu Ramadhani, huko Njombe, kwa mama yangu Tabea, ambaye tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

Madaktari hawakukaa. Wa kwanza alihamishwa baada ya wiki tano. Wa pili alilalamikia baridi mpaka akaugua kweli. Wa tatu alifika asubuhi, akala chakula cha mchana, simu ya maandishi ikamwita Nairobi. Bunduki jeshi lilikuwa nazo, madaktari hapana, na hao wachache walivutwa huku na huku kama blanketi fupi.

Wa nne alikuwa kijana wa mashavu mekundu, askari wakamwita Bwana Mashavu. Baba alimpenda sana. Alimlimia matuta manne nyuma ya hema, akaleta mbegu za viazi, akamshikisha jembe, wakapanda pamoja. Kisha akamwandikia mama: "Huyu ameshapanda, hatoki. Nitakuwa nyumbani kabla hujajifungua."

Viazi vilikuwa vinatoa maua amri ya uhamisho ilipofika. Baba alimkuta Bwana Mashavu anafunga sanduku.

"Bwana daktari, viazi bado!"

"Vita havisubiri viazi, Manase. Chukua wewe."

Baba, mtu mpole ajabu, alikasirika hata akakataa kumbebea sanduku. Halafu akalibeba. Ndivyo alivyokuwa, na mimi nampenda kwa hilo.

Mama alipopata habari kwamba daktari ameondoka na ruhusa imekufa, hakulia. Alimwacha kaka yangu Sila kwa bibi, akajitwika mkeka na nguo za mtoto, akatembea siku mbili kutoka Njombe hadi Makambako, mimba ya miezi tisa. Mimi nasema ulikuwa wazimu. Yeye mpaka leo anasema ilikuwa safari.

Uchungu ulimshika mchana uleule aliofika. Baba alikuwa ameshona majeraha ya askari wengi bila kupepesa jicho, lakini mzazi hakuwahi kumhudumia hata mmoja, na huyu alikuwa mkewe. Akamlaza kwenye kitanda cha mwisho wodini.

"Jikaze kidogo, Mama Sila. Daktari mwingine anakuja Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Baba Sila," mama akamwambia, ameuma meno, "daktari hayupo. Upo wewe. Nawa mikono."

Akanawa. Alikuwa analia waziwazi, wagonjwa wakigeuza nyuso ukutani kwa heshima, na hivyo ndivyo alivyonipokea.

Ijumaa ilikuja bila daktari. Baba alinipakata kwa mkono mmoja, kwa mwingine akawagawia askari kwinini, kitanda kwa kitanda.