Kokwa Tisa na Kalenda ya Ofisi

Nilikuwa karani wa upimaji ardhi, na Mzungu wangu alipenda hesabu hata katika mazungumzo. Akikisia jambo husema "at a rough guess", yaani kwa makadirio tu. Akitaka kumtuliza mtu humwambia "you can count on me", nitegemee. Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani Kariakoo nikamringia nayo mke wangu. Yeye alilipenda hilo la pili. Kila asubuhi aliniuliza mlangoni, "Kaunt on mi, bwana?" Nami humjibu huku nimetanua kifua, "Kaunt on mi."

Akashika mimba. Mama yake, tuliyeishi naye, alitia kokwa moja ya tende kikombeni kila mwezi ulipoandama. Mimi nilitia alama miezi tisa kwenye kalenda niliyopewa ofisini. Kokwa zilipotimia tisa, kalenda yangu ilikuwa bado na siku nane, na siku hiyohiyo nikaambiwa nipande treni na Mzungu kwenda Morogoro kwa siku tano.

"Usiende, baba," mkwe wangu alisema. "Miezi imetimia."

Nilicheka. Mimi niliyesoma, nishindwe na kokwa za tende! Nikamgeukia mke wangu. "At a rough guess, wiki moja bado. Nitakuwa nimesharudi."

Safari hii hakuniuliza, "Kaunt on mi, bwana?" Alinifungia maandazi ya njiani.

Niliporudi nilikuta mikeka imetandikwa nje, na wanaume wamekaa juu yake. Walikwisha kumzika juzi yake, pamoja na mtoto.

Mkwe wangu hakunilaumu, na afadhali angenitukana. "Uchungu ulimshika alfajiri," alisema. "Nilijitanda kanga nikamwite mkunga, mkeo akanishika mkono. Akaniambia, si wenyewe huu, mama. Bwana kapiga hesabu, bado wiki. Tukangoja mpaka alasiri, mwanangu. Mkunga alipofika, mkeo hana nguvu tena."

Matanga yalipoisha nilirudi kazini. Mzungu alikuwa mtu mwema. Alinipa mkono, akanipa pole, akasema nikiwa na shida yoyote, "you can count on me."

Nililia mbele yake, nikailowesha ramani niliyokuwa nimeichora kule Morogoro.